Mtandao bila daftari hupotea bila habari

ALHAMISI ya Julai 27, 2023, Serikali ya Kenya ilikiri kwamba eCitizen, mfumo wake wa kutoa huduma za umma kwa njia ya mtandao, ulikuwa umeshambuliwa. Waliotaka kuomba pasipoti, viza au leseni walikuta ukurasa haufunguki. Athari ziliwafikia pia wasafiri wa reli waliokuwa wakikata tiketi, wateja wa umeme wa kulipia kabla na watu waliotegemea kulipia huduma kwa simu. Wageni walioshindwa kupata viza ya mtandao waliahidiwa kupewa viza watakapowasili nchini.

Ilikuwa ni wiki nne tu tangu Rais William Ruto azindue rasmi utaratibu wa kuhamishia huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika mfumo huo. Waziri aliyekuwa akisimamia habari na uchumi wa kidijitali wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna taarifa za wananchi zilizopotea. Alieleza kuwa washambuliaji walijaribu kuuziba mfumo kwa kuurushia maombi mengi kupita kawaida. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitokeza na kudai kuhusika. Oktoba 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, ikidai kuwa ndio waliokuwa wakiliendesha kundi hilo na kwamba zana yao ilitumika katika mashambulizi zaidi ya 35,000.

Miezi kama tisa baada ya tukio hilo la Nairobi, Mei 12, 2024, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Safari hii hapakuwa na mshambuliaji. Mikongo miwili ya mawasiliano inayopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa siku mbili kutokana na hali hiyo ya mtandao.

Kwa mwananchi aliyeketi mbele ya kompyuta yake, matukio hayo mawili yalikuwa na sura moja: ukurasa haufunguki. Kwa fundi mwenye dhamana ya mtandao wa benki, hospitali au wizara, ni mambo mawili yaliyo mbali kama mashariki na magharibi. Moja linahitaji kuwazuia watu wanaoingia, na jingine linahitaji kutafuta njia nyingine ya kutokea. Anayekosea kutambua lipi ni lipi hupoteza saa nyingi akitibu maradhi ambayo mgonjwa hana.

Kinachomwezesha kutofautisha ni namba ambazo vifaa vya mtandao huandika vyenyewe usiku na mchana, na ambazo katika taasisi nyingi hakuna mtu anayezisoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo wa wafanyabiashara unazihusu leo ofisi zilizotumia fedha nyingi kununua ulinzi wa mtandao, kisha zikaliacha daftari lake limefungwa.

Mlinzi na daftari lake

Kifaa kinachozungumzwa hapa ni kile ambacho mafundi hukiita faiawoli, yaani ukuta wa ulinzi unaokaa mpakani, kati ya mtandao wa ndani wa taasisi na intaneti. Jina lake limewafanya wengi wadhani kwamba ni ukuta kweli, kitu kinachojengwa mara moja na kusahauliwa. Kwa hakika faiawoli inafanana zaidi na mlinzi wa getini mwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupita na daftari la waliopita.

Orodha hiyo ndiyo kanuni za kupita. Kila kanuni hutaja data zinatoka wapi, zinakwenda wapi, kwa huduma gani, na kama ziruhusiwe au zizuiwe. Daftari ni vihesabio. Katika kila mlango wa faiawoli, yaani pale waya wa nje na waya wa ndani unapoingia, kuna kihesabio cha pakiti za data zilizoingia, cha zilizotoka, cha zilizofika zikiwa zimeharibika na cha zilizotupwa kwa kukosa nafasi. Kila kanuni nayo huweza kuwa na kihesabio chake kinachoonyesha imetumika mara ngapi.

Mtu anayezisoma namba hizo hupata habari nyingi. Pakiti zilizoharibika zikiongezeka katika mlango mmoja, huenda waya wa jengoni ni mbovu au vifaa viwili havikupatana kuhusu kasi. Mlango wa nje ukiwa mzima lakini data zinazoingia zimeshuka ghafla, tatizo liko mbele, kwa mtoa huduma au baharini. Pakiti zinazoingia zikipanda mara kumi huku zinazotoka zikibaki pale pale, na zinazotupwa zikiongezeka, ofisi inavamiwa na mafuriko ya maombi. Na kama data zinazotoka zinapanda saa nane za usiku, wakati ofisi imefungwa, basi kuna kompyuta ya ndani inayofanya kazi ambayo mwenye nyumba hakuituma.

Hata hivyo, namba hizo hazisomwi mara moja. Vihesabio vya mtandao hujumlisha tangu kifaa kilipowashwa, kama mita ya maji. Anayeitazama mita mara moja hawezi kujua familia imetumia maji kiasi gani mwezi huu. Lazima awe na namba ya mwezi uliopita, atoe, ndipo apate jibu. Kwa faiawoli, tofauti hiyo hutafutwa kila dakika chache na kuhifadhiwa kwa miezi, ili ijulikane Jumatatu ya kawaida inafananaje na mwisho wa mwezi wa kawaida unafananaje.

Waziri alisema maombi ya Julai 2023 yalizidi kawaida. Lakini kawaida ni neno la daftari. Asiye na kumbukumbu za siku za amani hana kipimo cha kuitambua siku ya vita.

Mita inapozunguka na kurudi sifuri

Hata palipo na kumbukumbu, zipo namba zinazodanganya. Vihesabio vya zamani vya mtandao vilitengenezwa kwa biti 32, kumaanisha kwamba vinaweza kuhesabu mpaka 4,294,967,295 kisha vinarudi sifuri. Enzi za mitandao ya polepole hilo halikuwa tatizo. Katika waya wa megabiti 10 kwa sekunde uliojaa, kihesabio cha baiti huchukua dakika 57 kabla ya kuzunguka. Katika waya wa gigabiti moja, ambao leo ni wa kawaida katika ofisi za mijini, huzunguka baada ya sekunde 34.

Programu nyingi za kuchora grafu za mtandao zilirithi desturi ya kusoma namba kila baada ya dakika tano, desturi iliyoenezwa na programu ya MRTG ambayo Tobias Oetiker alianza kuiandika miaka ya 1990. Katika dakika tano hizo, kihesabio cha biti 32 kwenye waya wa gigabiti moja uliojaa huwa kimekwisha kuzunguka mara nane. Programu haijui hilo. Huchukua namba mbili inazoziona, hutoa, na kuchora mstari mtulivu wakati mtandao unazama. Meneja huitazama grafu ukutani na kuridhika.

Dawa yake ipo tangu miaka ya 1990. Ni vihesabio vya biti 64, ambavyo kwa kasi hiyo hiyo vingechukua zaidi ya miaka 4,000 kuzunguka. Kinachotakiwa ni fundi kuiambia programu isome hivyo badala ya vile vya zamani. Ni kazi ya dakika chache, lakini huhitaji mtu anayejua kwamba swali lipo. Hapo ndipo linapoanza kuonekana kwamba upungufu mkubwa wa ulinzi wa mtandao si wa vifaa.

Kanuni ambazo hakuna anayethubutu kuzifuta

Upande wa pili wa daftari, ule wa kanuni, una matatizo yake. Katika faiawoli nyingi kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana na pakiti iliyofika ndiyo inayoamua. Zilizo chini yake hazisomwi tena kwa pakiti hiyo. Kwa sababu hiyo, mpangilio una uzito sawa na maneno yenyewe.

Chukua mfano wa ofisi ambayo kanuni yake ya tano inamruhusu mkandarasi fulani kufika kila mahali. Baadaye mkuu wa fedha analalamika, na kanuni ya 40 inaongezwa kumzuia mkandarasi huyo asifike kwenye seva ya mishahara. Kwenye karatasi, tatizo limekwisha. Kwa vitendo, kanuni ya 40 haitatumika kamwe, maana ile ya tano imekwisha kumfungulia mlango. Hakuna kengele itakayolia. Dalili pekee ni kihesabio cha kanuni ya 40 kinachobaki sifuri mwezi baada ya mwezi.

Sifuri hiyo ni ujumbe, ingawa unahitaji busara kuusoma. Kanuni isiyotumika yaweza kuwa imefunikwa na nyingine iliyo juu yake, yaweza kuwa ya mfumo uliozimwa miaka mitatu iliyopita, au yaweza kuwa ya kazi inayofanyika mara moja tu kwa mwaka, kama kufunga hesabu au kuhamia kituo cha dharura. Aidha, vifaa vingine hufuta hesabu vinapozimwa na kuwashwa, hivyo sifuri ya leo inaweza kuwa na umri wa siku mbili tu. Anayefuta kanuni kwa pupa anaweza kuizimisha benki mwisho wa mwaka. Asiyefuta kabisa anaacha milango ya watu waliokwisha kuondoka.

Tabia ya ofisi huongezea uzito upande wa pili. Mkandarasi anakuja Ijumaa jioni, mfumo wake haufanyi kazi, bosi anasimama nyuma ya fundi, na fundi anafungua njia pana ili kazi iishe. Anapewa shukrani. Jumatatu hakuna anayemwuliza kama ameifunga. Akiifunga na kitu kikasimama, ni yeye atakayelaumiwa. Katika mazingira hayo, anayefungua hupongezwa na anayefunga hubeba lawama, na orodha ya kanuni hukua kila mwaka.

Mwaka 2004, mtafiti Avishai Wool wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alichapisha uchunguzi wa kanuni za faiawoli 37 zilizokuwa zikitumika katika taasisi halisi. Alikuta makosa ya mpangilio yameenea mno, na kadiri orodha ya kanuni ilivyokuwa ndefu na yenye kutatanisha ndivyo makosa yalivyoongezeka. Ushauri wake ulikuwa mfupi: orodha ndogo ni salama zaidi.

Njia ya uani

Tukio linaloeleza vizuri hatari ya njia iliyosahauliwa lilitokea Marekani. Januari 25, 2003, programu hasidi iliyopewa jina la Slammer ilisambaa duniani kupitia poti namba 1434, ikitumia udhaifu ambao kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake miezi sita kabla. Ilikuwa na baiti 376 tu, fupi kuliko aya moja ya habari hii. Katika dakika ya kwanza idadi ya kompyuta zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila baada ya sekunde nane na nusu, na katika dakika kumi sehemu kubwa ya kompyuta zilizokuwa na udhaifu huo ilikuwa imekwisha kuvamiwa. Mashine nyingi za kutolea fedha za Bank of America zilishindwa kutoa huduma.

Miongoni mwa waathirika kilikuwa kituo cha nyuklia cha Davis-Besse katika jimbo la Ohio. Kituo hicho kilikuwa na faiawoli, na faiawoli hiyo ilikuwa imewekewa kanuni ya kuizuia poti iliyotumiwa na Slammer. Kwa kila kipimo cha ukaguzi wa karatasi, kilikuwa salama. Lakini mkandarasi mmoja alikuwa na waya wake wa mawasiliano uliounganishwa na mtandao wa kampuni bila kupita kwenye faiawoli. Slammer iliingia kwa njia hiyo ya uani, na mfumo wa kuwaonyesha waendeshaji hali ya usalama wa mtambo ukakaa bila kufanya kazi kwa karibu saa tano. Kwa bahati, mtambo wenyewe ulikuwa umezimwa tangu mwaka 2002 kwa ajili ya matengenezo.

Tukio hilo lina funzo linaloumiza. Kanuni ilikuwa sahihi na haikusaidia chochote, kwa kuwa aliyepita hakupita getini. Anayekagua faiawoli peke yake hawezi kuona waya usiofika kwenye faiawoli. Ni yule anayelinganisha namba za ndani na namba za mpakani, akakuta mtandao wa ndani unabeba data ambazo geti halikuziandika, ndiye angeweza kuuliza zimeingilia wapi.

Jicho lililofumbwa

Miaka 14 baadaye, kampuni ya Equifax, mojawapo ya kampuni kubwa za kuhifadhi kumbukumbu za mikopo Marekani, ilionyesha sura nyingine ya ugonjwa huo huo. Wadukuzi waliingia katika mifumo yake Mei 2017 na kukaa humo kwa siku 76 wakichota taarifa za watu wapatao milioni 147. Kampuni hiyo ilikuwa na kifaa maalumu cha kukagua data zilizosimbwa zinazopita mpakani. Kifaa kilikuwa kimewashwa, lakini cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda miezi mingi kabla, na bila cheti hicho kiliruhusu data zipite bila kukaguliwa.

Julai 29, 2017, mafundi walipoweka cheti kipya, mtiririko wa kutiliwa shaka ulionekana papo hapo. Jicho lilipofumbuliwa, mwizi alikuwa bado yuko mezani. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikubali malipo ambayo yangeweza kufikia dola milioni 700 ili kumaliza madai dhidi yake. Gharama ya kuhuisha cheti, ikilinganishwa na kiasi hicho, haistahili hata kutajwa.

Mwaka huo huo wa 2019 ilikuwa zamu ya benki ya Capital One. Huko, faiawoli ya kulinda tovuti iliyowekwa vibaya ndiyo iliyogeuka kuwa mlango, na taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni sita wa Canada zikachotwa. Uchotaji ulifanyika Machi. Benki ilikuja kujua Julai, baada ya mtu wa nje kuiandikia barua pepe. Mdhibiti wa mabenki nchini humo aliitoza faini ya dola milioni 80 mwaka 2020.

Katika visa vyote viwili hakuna anayeweza kusema kwamba taasisi zilikosa fedha za kununua ulinzi. Zilikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuuliza kila asubuhi: je, kifaa hiki bado kinaona?

Palipokosekana daftari

Wapo wanaojibu kwamba mifano ya Marekani haiwahusu watu wa nchi zenye bajeti ndogo. Kwao, kisa cha Benki Kuu ya Bangladesh kinafaa zaidi. Februari 2016, wezi walioingia katika mtandao wa benki hiyo walituma maagizo 35 ya kuhamisha jumla ya dola milioni 951 kutoka akaunti yake iliyoko New York. Mengi yalizuiwa. Dola milioni 20 zilizopelekwa Sri Lanka zilinaswa baada ya kosa la tahajia katika jina la mpokeaji kuzua maswali. Lakini dola milioni 81 zilifika Manila, Ufilipino, na sehemu kubwa ikatokomea katika nyumba za kamari. Gavana wa benki hiyo alijiuzulu mwezi uliofuata.

Aprili 2016, mkuu wa taasisi ya mafunzo ya uchunguzi wa kisayansi ya polisi wa Bangladesh aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba benki hiyo haikuwa na faiawoli, na kwamba kompyuta zilizounganishwa na mfumo wa kimataifa wa malipo zilitumia swichi za mtumba za dola 10. Hasara haikuishia kwenye wizi. Vifaa duni vya namna hiyo viliwawia vigumu wapelelezi kujua wezi walifanya nini na walitokea wapi. Mali ilipotea, na habari zake zikapotea pamoja nayo.

Hoja ya bajeti, kwa hiyo, ina nusu ya ukweli. Vifaa vina gharama, lakini kusoma hakuna bei ya dukani. Programu huria kama iptables na nftables katika Linux, au pf katika OpenBSD, huweza kuonyesha vihesabio vya kila kanuni bila malipo yoyote ya leseni. Shule, hospitali ya wilaya au chama cha ushirika kinaweza kuwa na daftari sawa na la benki kubwa. Kinachogharimu ni saa za mtu anayelipwa ili alisome, na saa hizo ndizo huwa za kwanza kukatwa, kwa kuwa siku ambazo hakuna kilichotokea hazionekani kwenye ripoti ya mafanikio.

Mipaka ya namba

Ni haki pia kusema yale ambayo vihesabio haviwezi. Mafuriko ya maombi yakiwa makubwa kuliko waya wa kuingilia, faiawoli ya ofisi haiwezi kuyazuia, kama vile mlinzi wa getini asivyoweza kuondoa msongamano wa magari barabara nzima. Wakati huo msaada hutoka kwa mtoa huduma wa intaneti aliye mbele. Namba hazimzuii mshambuliaji. Zinamwambia fundi ampigie nani simu, na zinampa ushahidi wa kumwonyesha.

Vilevile, mwizi mwenye subira anayechota kidogo kidogo kupitia mlango ulioruhusiwa anaweza asiyumbishe mstari wowote kwenye grafu. Kwake yeye, kinga iliyo bora ni orodha fupi ya kanuni, ikiwemo ya zile zinazosimamia data zinazotoka. Seva ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa haina sababu ya kuzungumza na dunia nzima.

Sheria nazo zina pengo. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi imjulishe Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kufahamu kwamba taarifa za watu zimeingiliwa na huenda zikawaletea madhara. Ni kanuni nzuri, lakini saa hizo huanza kuhesabiwa pale taasisi inapofahamu. Asiyetazama hafahamu, na asiyefahamu saa yake haianzi. Mzembe anajikuta katika nafasi nyepesi kuliko mwangalifu. Sheria inayoitaka taasisi itoe taarifa bila kuithibitisha kama inatazama ni kama kumdai mlinzi ripoti ya wizi bila kumwuliza kama alikuwa macho.

Kuna jambo jingine linalomhusu raia moja kwa moja. Kanuni ile ile inayomzuia mwizi huweza kumzuia mwananchi, ikiwekwa kwenye vifaa vya watoa huduma. Mei 2025 watumiaji wengi nchini Tanzania walijikuta hawawezi kufungua mtandao wa X, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kanuni ya kuzuia ni amri, hata ikiandikwa kwa lugha ya mashine. Kama amri yoyote, inapaswa kuwa na mwenye kuitoa, sababu iliyoandikwa na tarehe ya kuisha. Nidhamu inayotakiwa kwa fundi wa benki haiwezi kuwa ngeni kwa serikali.

Maswali matatu

Mwananchi wa kawaida hawezi kuingia katika chumba cha seva cha benki yake, na hana haja ya kuingia. Lakini mbunge katika kamati ya hesabu za serikali, mjumbe wa bodi ya hospitali, mwanahisa wa benki na mkaguzi wa ndani wanaweza kuuliza, tena bila kujua lugha ya mafundi.

La kwanza: ni nani, kwa jina na kwa cheo, aliyesoma namba za mpakani wiki iliyopita, na akiwa likizo nani huzisoma? La pili: ni lini mara ya mwisho kanuni ilifutwa, na kila iliyobaki ina mwenyewe anayeweza kueleza kwa nini ipo? La tatu: je, upo waya, simu au njia yoyote ya mkandarasi inayoingia katika mtandao bila kupita getini, na nani amekwenda kuhakikisha kwa macho yake?

Taasisi inayojibu maswali hayo kwa kuonyesha risiti ya kifaa ilichonunua haijajibu. Risiti huthibitisha kwamba mlinzi aliajiriwa. Haithibitishi kwamba daftari limefunguliwa. Kadiri pasipoti, mishahara, kodi na kumbukumbu za matibabu zinavyohamia kwenye mtandao, ndivyo daftari hilo linavyozidi kuwa mali ya umma, na ndivyo umma unavyokuwa na haki ya kujua kama kuna anayelisoma.